Lori Lisilosikia

Karanja aliendesha malori ya kiwanda cha unga cha Thika kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyethubutu kumfundisha kazi yake, isipokuwa binti yake mwenyewe.

Binti huyo aliitwa Warigia. Kwa kuwa alibeba jina la nyanya yake mzaa baba, Karanja hakumwita kwa jina hilo hata siku moja. Tangu akiwa mchanga wa kubebwa mgongoni alimwita "maitu", yaani mama yangu, na mtoto akakua akijua kwamba yeye ni binti wa mtu huyu na pia, kwa namna fulani, ni mama yake.

Warigia alisomea mitambo ya redio. Alizunguka Nairobi na vyeti vyake miaka miwili akiambiwa atapigiwa simu, na simu haikupigwa. Mwishowe alirudi Thika, akaajiriwa na kiwanda kile kile kilichomlipia karo kupitia jasho la baba yake. Aliyemwajiri ni Pranav, kijana wa mzee Kirit mwenye kiwanda. Pranav alikuwa na jambo moja kichwani: alitaka malori ya kiwanda yazungumze.

Si kuzungumza kwa maneno. Kila lori lingefungwa kisanduku kidogo chini ya dashibodi, chenye redio ndani, na kisanduku hicho kingetangaza mara kumi kila sekunde: niko hapa, mwendo wangu ni huu, nimekanyaga breki. Malori mengine ya kiwanda yaliyo karibu yangeyasikia hayo hata kama kuna kona, mvua au trela katikati. La mbele likifunga breki ghafla, la nyuma lingejua kabla dereva wake hajaona lolote, na kisanduku chake kingempigia kelele asimame. Siku za kawaida kingemshauri dereva mwendo wa kushika ili asiwe wa kukimbia na kusimama, kukimbia na kusimama, kwenye foleni ya Ruiru. Mwezi wa kwanza tu wa kukitumia, dizeli iliyotumika ilipungua kiasi cha kumfanya mzee Kirit, ambaye hakuwa mtu wa kuamini mambo yasiyoshikika, ashuke hadi karakana kukitazama kidude hicho kwa macho yake.

Madereva hawakukipenda. Kiliripoti ofisini kila breki na kila mwendo wa kasi, nao wakakibatiza jina: mchongezi.

Malori yalikuwa kumi na moja. Visanduku vilivyokuja kwanza vilikuwa kumi. Cha kumi na moja kingekuja na shehena ya pili, baada ya miezi kadhaa, na Warigia ndiye aliyepewa kazi ya kuamua ni lori gani lingoje.

Jumapili moja ya Aprili, baada ya kanisa, Karanja alimfuata nyuma ya nyumba yao ya Makongeni, alikokuwa akianika nguo.

"Maitu," alisema, "hicho kidude, mimi niache."

"Baba, gari lako ndilo kuukuu kuliko yote. Ndilo lingepaswa kufungwa la kwanza."

"Mwezi wa nane napumzika. Acha nimalize jinsi nilivyoanza."

"Hiki si cha kukuchunguza, Baba."

"Najua si cha kunichunguza," Karanja alisema, akimpokea beseni. "Lakini kitanichunguza."

Warigia alijua jibu lililo sahihi. Alijua pia jinsi wazee wenzake Karanja wangemtazama pale binti anapoingia kwenye kabini ya baba yake na bisibisi, akimwambia mbele za watu kwamba macho yake hayatoshi tena. Alikuwa amebishana na madereva wiki nzima. Akasema sawa.

Ila aliandika sharti. Mtaalamu aliyekuja kuwafundisha alikuwa amewaonya juu ya jambo moja: lori linalosikia hufunga breki mapema kuliko macho ya binadamu, kwa hiyo anayelifuata kwa macho peke yake atachelewa. Warigia aliandika kwa herufi kubwa kwamba lori lisilosikia lisitoke pamoja na yanayosikia; litoke peke yake, dakika ishirini baada ya mengine. Karatasi hiyo akaibandika ukutani kwa Awiti, mama aliyekuwa akiyapanga malori getini na kuyaruhusu kutoka. Awiti alikuwa mtu wa sheria. Wiki nane zilipita na kila asubuhi Karanja alitoka wa mwisho, peke yake, akilalamika kwamba wamemfanya kama mgonjwa wa kifua kikuu.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya Juni, ya baridi ile ya kupenya hadi mifupani. Warigia alikuwa karakana na kikombe cha chai mkononi simu ilipolia.

"Warigia, mzee yuko hapa dirishani kwangu," Awiti alisema. "Anasema leo atoke na wenzake. Anataka kurudi mapema ampeleke mama kliniki ya presha. Nimwambie nini?"

Warigia aliitazama saa. Dakika ishirini. Mama yake asingengoja; angepanda na kushuka matatu peke yake na ile miguu yake iliyovimba.

"Mruhusu tu," alisema.

Kupitia simu alimsikia baba yake akicheka, kile kicheko chake cha kukwaruza kilichoanzia kifuani. "Si nilikuambia, Awiti? Mama yangu hawezi kuninyima!"

Malori matano yalitoka. Githae aliongoza, wawili wakamfuata, wa nne akawa Kinuthia, na Karanja akashika mkia.

Ofisini kwa Pranav kulikuwa na skrini kubwa ukutani iliyoonyesha malori kama nukta za kijani zikitembea juu ya ramani. Warigia alifika hapo na faili zake, akaketi. Nukta zilikuwa zimekaribia Ruiru. Saa moja na dakika ishirini na sita, nukta ya mbele iligeuka nyekundu. Kabla hajakunja uso, zile tatu nyingine nazo zikawa nyekundu, kwa mfululizo, kama mtu aliyepitisha kidole juu ya kinanda.

"Nini hiyo?" Pranav aliuliza.

"Breki kali. Wote wamesimama."

Simu ya Githae iliingia, na Pranav akaifungulia spika. Githae alikuwa akihema.

"Bosi, kuna watu wamechoma takataka kando ya barabara, moshi umechanganyika na ukungu, huoni hata mkono wako. Na ndani ya huo moshi kuna lori la mchanga limekufa katikati ya njia. Hakuna taa, hakuna tawi la kuonya, hakuna kitu! Nimelikosa kwa upana wa mlango. Na hawa wa nyuma wamesimama wote. Wallahi leo hiki kichongezi kimetuokoa."

Pranav alipiga makofi. Makarani walisimama kwenye madawati yao, nao wakapiga makofi. Mmoja alimkumbatia Warigia kwa nyuma. Pranav alimpigia baba yake hapo hapo, akimweleza haraka haraka kwa Kigujarati, akicheka. Warigia alihisi machozi ya furaha yakimlenga. Zaidi ya miezi miwili ya kutukanwa, ya kulala chini ya dashibodi na nyaya mdomoni, na sasa watu wanne walikuwa wazima kwa sababu yake.

Baadaye aliihesabu furaha hiyo. Ilidumu kama dakika tatu.

Alikuwa akiitazama skrini huku akitabasamu alipoona kitu kidogo. Nukta ya Kinuthia, ambayo ilikuwa imesimama kabisa, ilikuwa imesogea mbele kidogo baada ya kusimama. Aliifungua taarifa yake. Lori lilikuwa limesimama. Breki zilikuwa zimekanyagwa. Kisha, zikiwa bado zimekanyagwa, lori likaenda mbele mita tisa.

Alidhani ni kosa la setilaiti. Lori halitembei likiwa limefunga breki. Lori halitembei hivyo isipokuwa limesukumwa.

Akazihesabu nukta. Nne. Kwa nini nne, wakati waliotoka ni watano?

"Mpigie Kinuthia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya ajabu kiasi kwamba makofi yalikoma. "Pranav, mpigie Kinuthia. Baba yangu yuko nyuma ya Kinuthia."

Pranav alimpeleka mwenyewe kwa gari lake. Walipofika kabla ya Ruiru magari yalikuwa yamesimama kwa kilomita nzima, na Warigia akashuka akakimbia kando ya barabara, viatu mkononi. Moshi ulikuwa umeanza kutawanyika. Kilichomwonyesha mahali ni unga. Magunia yalikuwa yamepasuka na barabara ilikuwa nyeupe toka ukingo hadi ukingo, na watu walikuwa wakiokota mabaki kwa mifuko na kwa kanga. Sehemu ya mbele ya lori la baba yake haikuwepo tena. Kabini ilikuwa imeingia ndani ya mwili wa lori la Kinuthia kama ngumi ndani ya kiganja.

"Wameshamtoa," mwanamke mmoja mwenye mfuko wa unga alimwambia, akiuficha mfuko nyuma yake kwa aibu. "Alikuwa anaongea. Wamempeleka hospitali hapa Ruiru."

Alimkuta akiwa hai. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, nywele na nyusi zake zimejaa unga, hata Warigia kwa nukta moja ya muda akamwona mzee wa miaka tisini. Alikuwa amefunikwa shuka hadi shingoni na muuguzi alikuwa amesimama kwa namna ya kumzuia mtu asiifunue.

"Maitu," Karanja alisema.

"Niko hapa, Baba."

"Kinuthia yuko?"

"Yuko. Ameumia shingo, lakini yuko."

Karanja alifumba macho, akayafumbua. "Sikuona taa zake," alisema polepole, kama mtu anayejieleza kwa bosi. "Nilikuwa natazama, maitu. Sikulala. Nilikuwa natazama."

"Najua, Baba. Najua ulikuwa unatazama."

Alitaka kumwambia neno lingine, lile hasa la simu ya asubuhi, lakini daktari aliingia na kumwomba ampishe. Akangoja kwenye benchi. Mama yake, Waithira, alifika akiwa bado na gauni lake la kwenda kliniki na kile kitabu cha presha mkononi, akakaa kando yake. Kabla ya saa sita daktari alitoka, akavua glavu, na hakuhitaji kusema mengi.

Siku za msiba nyumba ya Makongeni haikuwa na mahali pa kukanyaga. Majirani walipika, kina mama wa kanisa waliimba, madereva walikaa nje kwenye viti vya kukodi wakiwa kimya kabisa, jambo lisilo la kawaida yao. Mzee Kirit alikuja na mkewe Hemlata. Hakuwahi kuingia nyumba hiyo kwa miaka yote thelathini na moja. Alikaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, akaishika chai aliyopewa bila kuinywa.

"Huyu mtu alinifundisha Kikuyu," alimwambia Waithira. "Nilikuwa kijana, sijui kitu. Alikuwa ananiambia maneno mabaya, halafu ananituma nikayaseme sokoni." Alitaka kucheka, akashindwa, na Hemlata akampokea kikombe kabla hakijamwagika.

Walimzika Gatanga, kwenye shamba la babu zake. Warigia alitupa udongo wake akarudi nyuma ya watu. Kila aliyempa pole alisema jambo lile lile: laiti mzee angekubali kufungiwa kile kisanduku. Kila mara alijibu, ndiyo, alikataa. Ilikuwa kweli. Na kila alipoisema ilimkaa mdomoni kama jiwe ndani ya wali.

Aliporudi kazini, Pranav alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekonda, na alikuwa ameiondoa ile ramani ukutani.

"Walioniuzia visanduku wanataka ripoti," alisema. "Wanataka kuandika kwamba malori manne yalisimama salama. Ni kweli, yalisimama. Lakini siwezi kuwaandikia kabla wewe hujaniambia kwa nini la tano lilikuwa pale. Sheria ilikuwa dakika ishirini. Awiti anasema alisahau."

Warigia alimtazama. "Awiti amesema hivyo?"

"Amesema alisahau kuitazama ile karatasi."

Alimkuta Awiti getini, akiandika namba za magari. Awiti alimvuta ndani ya kibanda chake na kufunga dirisha.

"Ile simu hakuna aliyeisikia ila mimi na wewe na marehemu," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe umempoteza baba. Utabeba mangapi? Mimi wanaweza kunipa barua ya onyo, basi. Nina miaka minne nistaafu. Acha iwe mimi, mwanangu."

"Awiti, hukusahau kitu."

"Najua sikusahau. Nimekuambia acha iwe mimi."

Warigia hakukubali, na hakukataa. Aliondoka bila kujibu, na hilo baadaye lilimwaibisha kuliko mengi. Siku tatu aliishi ndani ya zawadi hiyo. Aliweza kula. Aliweza kumtazama mama yake usoni na kumuuliza kama amekunywa dawa.

Siku ya nne alienda Mwiki kumjulia hali Kinuthia, kwa sababu ilikuwa adabu kwenda, na kwa sababu alikuwa amechelewa. Kinuthia aliishi ghorofa ya tatu, kwenye zile nyumba zilizobanana hadi jirani anaweza kukupitishia chumvi kwa dirisha. Mkewe, Kui, aliweka chai mezani akawaacha. Kinuthia alikuwa na kola ngumu shingoni, hivyo alilazimika kugeuka mwili mzima ili amtazame mgeni.

"Sikuja mazishi," alisema. "Daktari alinikataza. Lakini hata angeniruhusu, Warigia, aki ya Mungu sijui kama ningekuja."

"Hukumfanyia kitu, Kinuthia."

"Ngoja nikuambie." Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Mzee alikuwa nyuma yangu vizuri tu. Nilikuwa namwona kwa kioo, hata aliniwashia taa kunitania, ati naenda kama bibi harusi. Halafu tukaingia kwa moshi. Mbele sikuona chochote. Hakuna lori, hakuna taa, hakuna mtu. Ningekuwa na macho yangu tu, ningepunguza mwendo polepole, ningeenda mita mia nyingine hivi hivi, na yeye angepunguza na mimi. Lakini kile kitu kikapiga kelele. Na wewe ndiye ulitufundisha: kikipiga kelele usifikirie, kanyaga."

"Ndiyo."

"Nikakanyaga. Kwa nguvu zangu zote. Nilisimama pale ambapo hakuna sababu ya kusimama. Yeye angejuaje?" Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye kola, na hakuweza kuinama kuyafuta. "Kiliniokoa mimi. Nisingesimama, ningeingia kwa yule wa mbele yangu. Lakini nilisimama kwa mzee kama ukuta. Nimejiuliza, nani alimweka nyuma yangu? Awiti ni mtu makini. Alisahau aje siku hiyo?"

Chai ilipoa. Kutoka barabarani zilisikika honi na mtu akiuza mitumba kwa kipaza sauti. Warigia aliona kwamba mtu huyu alikuwa ameketi kwenye kiti hicho siku kumi na tatu akitafuta mwenye kosa, na asipompata mwingine alijichukua mwenyewe.

"Awiti hakusahau," alisema. "Aliniuliza. Mimi ndiye nilisema mruhusu."

Kinuthia alimgeukia mwili mzima. Hakusema ni sawa, wala hakumlaani. Aliweka kikombe chini, akanyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono, akakishikilia hivyo hivyo, na walikaa namna hiyo hadi Kui aliporudi kuuliza kama aongeze maji ya moto.

Siku hiyo hiyo alasiri Warigia alimkuta mama yake chumbani, akikunja nguo za marehemu ili ndugu zake wagawiwe. Mashati yalikuwa kitandani kwa mafungu. Alisimama mlangoni akasema yote kwa pumzi moja: Awiti alivyopiga simu, kliniki, dakika ishirini, lile neno alilolitamka.

Waithira hakuacha kukunja. Alimaliza shati alilokuwa nalo, akalilaza juu ya mengine, akalipapasa kola.

"Nani mwingine anajua?"

"Awiti. Na Kinuthia, tangu leo. Kesho nitamwambia Pranav."

"Na wewe ulikuwa unaniambia alikataa kisanduku."

"Alikataa kweli, Mami."

"Najua alikataa. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja naye." Akakaa kitandani kwa uzito, mafungu mawili yakaanguka. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Ulisema alicheka?"

"Alicheka."

"Alisemaje? Niambie tena."

"Alimwambia Awiti, mama yangu hawezi kuninyima."

Waithira aliziba mdomo kwa kiganja. Mabega yalimtikisika bila sauti. Alipoweza kusema, alisema akitazama sakafu. "Mimi nilimwambia, asiponipeleka kliniki siku hiyo nitaenda peke yangu na sitamsemesha hadi Jumapili. Alikuwa ameniahidi mara mbili na hakunipeleka. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiikimbilia. Alikuwa akiniogopa mimi." Akafuta uso kwa shati alilolikunja. "Sijamwambia mtu."

Warigia alitaka kumwendea, lakini hakujua kama anaruhusiwa. Aliuchukua mkoba wake. Alikuwa amekwisha kuongea na rafiki yake wa Ruiru ampe mahali pa kulala.

"Unaenda wapi?"

"Kwa rafiki yangu. Siku chache. Nikupishe."

"Sitakuambia si neno," Waithira alisema. "Ni neno. Litakuwa neno hadi niingie kaburini. Usingoje niseme lingine." Akaokota mashati yaliyoanguka, akaanza kuyakunja upya. "Lakini nyumba hii imeshapungukiwa na mtu mmoja. Weka huo mkoba chini."

Ripoti aliiandika mwenyewe, kurasa mbili. Aliandika kwamba visanduku vilifanya kazi kama vilivyokusudiwa, na kwamba kwa sababu vilifanya kazi, lori lisilo nacho liliwekwa hatarini zaidi kuliko kama visingekuwepo kabisa. Aliandika nani aliuliza na nani alijibu, na neno lenyewe lilivyokuwa. Pranav aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho aliirudia, kisha akaenda dirishani akampa mgongo.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Mimi ndiye nilinunua kumi."

Warigia hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, naye Awiti akapewa yake kwa kusema uongo, na kwa miezi mingi Awiti hakumjibu salamu ila kwa kichwa. Walioviuza visanduku hawakuandika habari yoyote ya malori manne. Visanduku vyote vilizimwa hadi lori lililonunuliwa mahali pa lile la Karanja lipate chake, na malori yakarudi kutoka moja moja kama zamani. Kinuthia alirejea kazini lakini si kwenye usukani. Aliomba ghala, akapewa, na siku akisikia lori likifunga breki uani huacha anachofanya na kusimama kidogo.

Mwaka uliofuata kampuni nyingine za Eneo la Viwanda zilianza kufunga visanduku kama hivyo, na Warigia akaombwa awafundishe madereva wao. Walikutana kwenye ukumbi wa kanisa hapo Ruiru, watu thelathini na kitu, wengi wanaume wa umri wa baba yake, mikono wamekunja kifuani. Aliwaeleza redio inavyosikia nyuma ya kona. Aliwaeleza kuhusu dizeli. Walimsikiliza kwa adabu ya watu waliolazimishwa kuja.

Mwishoni mwanamke mmoja aliyekuwa dereva wa lori la maziwa aliinua mkono.

"Madamu, sisi tutasikiana, sawa. Na yule wa nyuma yangu asiye nacho? Yule wa pikapu, yule wa pikipiki, yule mzee na Peugeot yake. Mimi nikisimama ghafla, yeye atajuaje?"

Kulikuwa na jibu kwenye makaratasi aliyopewa, sentensi nzuri kuhusu siku ambapo kila gari litakuwa limeunganishwa. Warigia aliyafunika makaratasi.

"Hatajua," alisema. "Na hilo ndilo wanaoviuza wasilopenda kuwaambia. Ngojeni niwaeleze kuhusu mtu mmoja aliyeitwa Karanja."

Akavuta kiti, akaketi mbele yao, akawaeleza tangu mwanzo. Sauti ilimkatika mara mbili na hakuomba radhi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alivua kofia. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Yule mwanamke wa lori la maziwa alifungua daftari lake, akamwomba arudie ile sehemu ya dakika ishirini, polepole, aiandike.